Sarafu ya babu: uisugue ao uiache na weusi wake?

Kila mkaaji wa Goma anajua somo hili, hata kama hajawahi kulifikiria. Unafika mu Birere asubuhi na dola 50 mukononi. Mwenye kubadilisha makuta anaikamata, anaiinua kwenye mwanga, anapitisha kidole pembeni, kisha anairudisha: "Papa, hii iko na kadonda." Kadonda kenyewe ni kadogo kuliko punje ya muchele. Ukibahatika anakukata dola mbili tatu. Usipobahatika unarudi nayo nyumbani. Na ukiwa mtu wa akili nyingi, unatafuta gundi, unafunga vizuri, unapiga pasi juu yake, kesho unaenda kwa mwengine. Huyo naye anaiangalia mara moja tu. "Hii mulitengeneza." Sasa hakuna mazungumzo ya dola tatu tena. Inakataliwa kabisa.

Cha kushangaza ni kwamba kule Marekani ile dola haijapoteza kitu. Ofisi yao ya serikali inayochapa makuta hupokea hata noti iliyoungua, ikiwa zaidi ya nusu yake imebaki na inatambulika. Noti zao zote tangu 1861 zingali na thamani, hata zile za "kichwa kidogo" ambazo huku kwetu hakuna anayezitaka. Na karatasi yenyewe si karatasi ya daftari: ni pamba 75 kwa mia na kitani 25 kwa mia, njo maana unaweza kuifua na suruali na bado ikatoka nzima. Kwa hiyo kadonda hakakuondoa thamani. Kaliondoa imani. Na gundi imeondoa imani zaidi kuliko kadonda, juu sasa anayepokea hajui ni nini kingine umeficha.

Tumeanza na dola kwa sababu swali lenyewe ni la vitu vingine. Tangu benki za muji zifunge mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na maisha kuwa magumu, watu wengi wamefungua masanduku ya wazee wao. Humo wanakuta sarafu za wakati wa Wabelgiji, noti za Mobutu, barua zenye tembre za zamani, mara moja moja kinyago. Wanasikia kwamba kule Ulaya kuna watu wanakusanya vitu hivi na kulipa vizuri. Ni kweli, wako. Basi kitu cha kwanza ambacho mtu anafanya kabla ya kuuza ni kukisafisha, ili kionekane kizuri. Hapo njo bei inapokufa.

Kopo la biskuti

Niseme kosa langu mwenyewe. Babu yetu alituachia kopo la biskuti lenye sarafu za kila namna. Kati yazo kulikuwa moja ya pembe sita, yenye tembo upande mmoja. Ilikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyokauka. Nilikuwa kijana, nilikuwa na bidii. Nilikamata ndimu, majivu na kipande cha gunia, nikasugua mpaka tembo akang'aa kama kengele ya kanisa. Mama alifurahi, tukaiweka kabatini.

Miaka mingi kisha, ndugu yetu mmoja aliye Ubelgiji aliomba picha za sarafu zote azipeleke kwa muuzaji wa vitu vya zamani. Jibu lilikuwa fupi: zile nyeusi atazinunua, ile yenye kung'aa tubaki nayo.

Ile ya pembe sita ni franka 2 ya mwaka wa 1943. Historia yake ni nzuri kuliko bei yake. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kupigisha makuta ya Congo kule Bruxelles. Zikapigwa Philadelphia, Marekani, kwa shaba ya manjano. Zilipigwa nyingi na si adimu, kwa hiyo sikuteketeza utajiri wa familia. Lakini hata kile kidogo ambacho ingeleta, nilikisugua na gunia.

Kwa nini? Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Sarafu inapogongwa na mashine, chuma kinasukumwa kuelekea pembeni na kubakiza mistari midogo sana ambayo jicho haliioni, lakini mwanga unaiona: ukiigeuza sarafu mpya, utaona mng'ao unazunguka juu yake kama gurudumu. Kisha miaka inapita. Hewa, jasho la mikono na unyevu vinaunda juu yake ngozi nyembamba ya kahawia ao nyeusi. Ngozi hiyo si uchafu. Ni chuma chenyewe kilichobadilika, na tena inakinga chuma kilicho chini yake.

Ndimu ni asidi. Inakula ile ngozi pamoja na mistari midogo. Majivu yanakwaruza kile kilichobaki. Unachoona kinang'aa ni chuma kilichochunwa, na mara nyingine kinabaki na wekundu usio wake kwa sababu asidi imeondoa zinki ya juu. Ni mng'ao uliokufa: hauzunguki, unakaa pahali pamoja kama sufuria iliyotoka kusuguliwa. Mwenye kuzoea anauona hata kwenye picha ya simu, na hakuna dawa ya kuurudisha. Ukiiacha miaka hamsini itakuwa nyeusi tena, lakini juu ya mikwaruzo.

Kuna kampuni kule Marekani kazi yao ni kupima hali ya sarafu kwa namba, kuanzia 1 hadi 70. Sarafu iliyochoka inaweza kupewa 12 ao 20, na wanunuzi wanakubaliana bei kwa namba hiyo. Sarafu iliyosuguliwa hainyimwi namba nzuri tu: inanyimwa namba yoyote. Inaandikwa kwamba ni ya kweli lakini imesafishwa, basi. Ukiiweka sokoni, inasimama nyuma ya ile iliyochoka.

Tundu la kiwanda na tundu la fundi

Sarafu za zamani zaidi utakazokuta mu Congo ni za wakati wa Léopold wa pili, zenye tarehe ya 1887 na 1888: vipande vya shaba nyekundu vya santimu, vyenye tundu katikati na nyota. Tundu hilo ni la kiwandani, watu waliweza kuzitunga kwenye kamba. Halipunguzi kitu. Lakini kuna tundu lingine, lile ambalo fundi alitoboa pembeni ili mama avae sarafu shingoni. Hilo linaondoa karibu bei yote ya mkusanyaji. Na kulijaza ni vibaya zaidi. Nimeona sarafu ya fedha ambayo tundu lake lilizibwa kwa risasi na kupakwa rangi; aliyeiuza aliitwa mwizi, na pengine hakuwa mwizi, aliinunua hivyo.

Usikimbilie fundi na ile sarafu kubwa ya franka 50 ya mwaka wa 1944, yenye tembo pia. Hiyo ina fedha ndani yake, ndiyo sababu wengine waliiyeyusha kutengeneza pete. Fedha inakuwa nyeusi kuliko shaba, na mtu anafikiri dawa ya meno itaisaidia. Dawa ya meno ina mchanga laini sana ndani yake. Ni mzuri kwa meno.

Majirani zetu wa Tabora wana mfano unaoeleza jambo hili kuliko wote. Mwaka wa 1916, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezungukwa, meli haziwafikii. Wakapiga makuta yao wenyewe pale Tabora, kwa mashine za kubahatisha. Walitoa sarafu za heller za shaba, na hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima, dhahabu ikitoka katika mgodi wa Sekenke. Mwezi wa tisa mwaka ule ule Force Publique, askari wa Congo waliotokea huku Kivu na wapagazi wao, waliingia Tabora. Sasa angalia sarafu hizo za shaba: zimegongwa vibaya, pengine maandishi yamekatika, uso una mabonde. Ukimpa fundi wa leo atakuambia zinahitaji kunyooshwa. Lakini ubaya huo njo ushuhuda wao. Sarafu ya Tabora iliyolainishwa ni kama shahidi ambaye mtu amemfundisha maneno.

Karatasi: pasi, gundi na plastiki

Noti ni hadithi nyingine, na hapa inabidi tuseme ukweli ambao wengine hawataupenda. Noti nyingi za Mobutu hazina bei kubwa. Si kwa sababu ziko chafu. Ni kwa sababu zilichapwa nyingi mno.

Wazee wanakumbuka. Zaïre ilianza tarehe 24 mwezi wa sita 1967, zaïre moja kwa franka 1.000; ilikuwa na makuta 100 ndani yake, njo neno tunalotumia hadi leo hata tukihesabu dola. Mwezi wa kumi na mbili 1979, karibu na Noeli, serikali iliamua noti za zaïre 5 na 10 hazifai tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Waliokuwa mbali na benki walibaki na marundo. Kisha ikaja miaka ya tisini: noti ya zaïre milioni 5 ya mwisho wa 1992, ambayo wafanyabiashara waliikataa, na askari waliolipwa nayo wakapora muji wa Kinshasa mwezi wa kwanza 1993. Mwezi wa kumi mwaka ule, zaïre milioni 3 zikawa zaïre mpya moja. Na tarehe 30 mwezi wa sita 1998, zaïre mpya 100.000 zikawa franka moja ya Congo.

Kwa hiyo katika nyumba nyingi kuna noti zenye sifuri nyingi na bei ndogo. Wakusanyaji wa Ulaya wanazo mpya kabisa, zisizokunjwa hata mara moja, tena kwa vifurushi. Yako iliyokaa mfukoni mwa babu itanunuliwa kwa bei ya soda, kama itanunuliwa. Zinazotafutwa ni zile za zamani zaidi, hasa noti za thamani kubwa za Banque du Congo Belge. Wachache walikuwa na uwezo wa kuweka makuta kama hayo sandukuni bila kuyatumia, kwa hiyo zilizobaki ni chache.

Ikiwa unayo moja ya hizo, mambo matatu yanaweza kuiua kwa mchana mmoja.

La kwanza ni kuiosha. Noti ya zamani ina ugumu fulani, inalia kidogo ukiitikisa. Kiwanda kiliipa ugumu huo kwa kitu kama wanga kilichowekwa ndani ya karatasi. Maji na sabuni vinautoa. Noti inatoka nyeupe, laini kama kitambaa cha pua, na rangi zake zimefifia.

La pili ni pasi. Mikunjo inaondoka kwa macho, lakini ndani ya karatasi nyuzi zimekwisha kuvunjika, na ukiiweka mbele ya taa kila mstari unaonekana. Zaidi ya hapo, pasi inalaza ule uchapaji wenye kuinuka kidogo, ule unaousikia kwa kidole. Anayepima hali ya noti anatafuta hicho kwanza.

La tatu, na hili ni letu kabisa, ni plastiki. Goma tunafunga kila kitu ndani ya plastiki: diplome, kadi ya ubatizo, kadi ya uchaguzi. Kila kona kuna mtu mwenye mashine ya fotokopi na ile mashine ya moto pembeni. Kwa diplome inaeleweka, ingawa hata hiyo siku moja utaombwa muhuri mpya juu yake na hautashika. Lakini noti ao tembre iliyofungwa kwa moto haitoki tena. Gundi ya plastiki imeyeyuka na kuingia ndani ya karatasi. Ukijaribu kuivua, unavua na rangi. Mtu amefanya hivyo kwa upendo, ili itunzwe. Ameiua.

Skochi nayo ni ndugu ya plastiki. Leo haionekani, lakini baada ya miaka kumi inakuwa ya njano na kuacha alama ya mafuta isiyotoka.

Picha ya mchezaji iliyokatwa pembeni

Wamarekani, ambao wanalipa kwa vitu hivi kuliko watu wote, waliwahi kupata somo lao hadharani. Wana mchezo wao wa kupiga mpira kwa rungu, beziboli, na picha za wachezaji zinakusanywa kama zile za mpira wa miguu ambazo watoto wetu hubandika katika albamu. Kati ya 1909 na 1911 kampuni moja ya tumbaku iliweka picha hizo ndani ya pakiti za sigara. Ile ya mchezaji Honus Wagner ilisimamishwa mapema, kwa hiyo zilibaki chache sana duniani.

Moja ya hizo chache ilikuwa ya ajabu: pembe kali, kingo zimenyooka, kana kwamba ilitoka kiwandani jana. Mwaka wa 1991 ilikuwa kadi ya kwanza kabisa kupimwa na kampuni inayoitwa PSA, ikapewa 8 kwa 10. Mwaka wa 2007 iliuzwa dola milioni 2,8. Lakini watu walinong'ona: karatasi iliyokaa ndani ya pakiti ya sigara, ikapitia mikono ya watu kwa miaka themanini, inawezaje kuwa na kingo kali hivyo? Mwaka wa 2013, Bill Mastro, mfanyabiashara aliyeinunua na kuiuza miaka ya themanini, alikubali mbele ya sheria kwamba aliikata pembeni kwa mashine ili kingo zilizochakaa zitoke. Hakuongeza kitu. Alipunguza karatasi tu, kama unavyokata kucha. Kwa sheria za kampuni za kupima, kadi iliyokatwa haistahili namba.

Bado kadi hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu imekuwa maarufu, na umaarufu nao unauzwa. Lakini tazama upande wa pili. Mwezi wa nane 2022, kadi nyingine ya Wagner iliuzwa dola milioni 7,25. Hali yake? Ilipewa 2 kwa 10. Imechoka, ina mikunjo, pembe zimekuwa za mviringo. Hakuna aliyeigusa. Mnunuzi alijua anachonunua, na hilo njo alilolipia.

Mtu anaweza kusema: hao ni matajiri na michezo yao. Ndiyo. Lakini yule wa Birere anayepitisha kidole kwenye dola yako anatumia akili ile ile.

Ngozi ya kinyago

Kwetu mashariki, kitu cha zamani chenye thamani kubwa kuliko sarafu zote ni kile kilichotoka mikononi mwa wazee wa Bwami, kule Shabunda, Mwenga na Pangi. Vinyago vidogo vya Walega na sanamu zao vilikuwa alama za cheo. Vilipakwa mafuta, vikashikwa, vikarithishwa kutoka kwa mwenye cheo hadi kwa aliyemfuata, na vinyago vikapakwa udongo mweupe. Mikono ya vizazi vingi iliacha juu yao mng'ao wa ndani ambao fundi hawezi kuuiga. Serikali ya Wabelgiji iliipiga Bwami marufuku munamo mwaka wa 1933 na tena 1948, na vitu vingi viliondoka inchini. Leo viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Mwenye kuvinunua anatafuta ule mng'ao na ule udongo uliobaki katika mikunjo ya macho. Mtu akiosha kinyago kwa sabuni, akakipaka vanishi ya milango ili kipendeze, amekigeuza kuwa kitu cha kuuzia watalii. Na hapa kuna kichekesho: wale wanaochonga vinyago vipya kwa ajili ya watalii wanavifukia ardhini, wanavipitisha kwenye moshi, wanavipaka rangi ya viatu ili vionekane vya zamani. Mwenye kipya anakizeesha, mwenye cha zamani anakifanya kipya.

Lakini kwa vinyago kuna neno la pili, zito kuliko la bei. Inchi yetu ina sheria ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 inayolinda mali ya utamaduni. Kinyago cha familia si mali ya kupeleka nje kimya kimya ndani ya valizi, na pembe ya ndovu usiiguse kabisa: biashara yake ya kimataifa kwa kawaida imekatazwa. Mobutu mwenyewe alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwezi wa kumi 1973 akidai vitu vilivyochukuliwa virudi. Itakuwa ajabu tuvidai kwa mlango wa mbele na kuvitoa kwa mlango wa nyuma.

Je, kutengeneza hakufai kamwe?

Kunafaa, lakini si pale watu wanapofikiri.

Kunafaa pale kitu kinaendelea kufa. Kinyago chenye wadudu wanaokula mti, unga mwepesi unaanguka chini yake kila asubuhi: hicho kitengeneze leo, kitenge na vingine, tafuta mtu anayejua. Karatasi yenye ukungu: itoe pahali pa unyevu, iache ikauke kivulini, usiisugue. Sarafu iliyokaa ndani ya mifuko laini ya plastiki na kuota kitu cha kijani chenye kunata: hicho si ngozi, ni sumu ya ile plastiki, na kinaendelea kula. Wanaojua hukiondoa kwa asetoni safi, bila kusugua. Na udongo mkavu uliokwama juu ya sarafu iliyookotwa shambani unaweza kulainishwa kwa maji yasiyo na chumvi, siku moja ao mbili, kisha ikaushwe kwa kuigonga taratibu na kitambaa.

Tofauti iko wapi? Kuzuia uharibifu ni kitu kimoja. Kuficha umri ni kitu kingine. Na hata pale unapozuia, umwambie mnunuzi. Kitu kilichotengenezwa na kusemwa kinauzwa kwa bei yake. Kitu kilichotengenezwa na kunyamaziwa kikigunduliwa hakiuzwi, na vingine vyote ulivyoleta pamoja nacho vinatiliwa mashaka.

Kunafaa tena pale bei haihusiki. Familia nyingi za Goma zilipoteza picha zao zote tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya muji, na nyingine tena mwezi wa tano 2021. Aliyebakiwa na picha moja ya ndoa ya wazazi, yenye pembe iliyoungua, haiuzi kwa mtu. Anataka kuona sura. Huyo aipige picha vizuri kwanza, mchana, pasipo flashi, kisha fundi atengeneze ile nakala kwenye kompyuta kadiri anavyotaka: arudishe pembe, aondoe madoa, aongeze rangi. Ile ya kwanza ibaki na moto wake.

Kabla ya kuuza

Kama umekuta kitu sandukuni, fanya hivi: usikiguse kwa vidole vyenye mafuta, kamata sarafu kwa kingo zake. Piga picha pande zote mbili. Weka sarafu ndani ya bahasha ya karatasi, moja moja, na noti kati ya kurasa safi za daftari, mbali na jiko. Andika pembeni ni nani alikuwa nayo na aliipata wapi, kama unajua. Historia hiyo nayo inaongeza kitu, na wazee wakiondoka inaondoka nao.

Kisha jihadhari na simu. Kuna matangazo yanayopita katika makundi ya WhatsApp: "Tunanunua sarafu ya tembo, dola 5.000." Ukijibu, wanakuomba utume dola 20 za dosie, ao za cheti cha ukweli, ao za usafiri wa mjumbe. Mnunuzi wa kweli haombi makuta kwa muuzaji. Yeye anaomba picha nyingine, yenye mwanga mzuri zaidi, na jambo la kwanza analouliza ni hili: mumeisafisha?

Ile yangu ya pembe sita bado iko ndani ya kopo. Imeanza kurudia weusi, lakini paka mgongoni mwa tembo na kwenye tarakimu 3. Mahali pengine mikwaruzo ya gunia inaonekana wazi kuliko zamani.